Uganda: Watoto Walio Zamuni Bila Mpokezi

Tarehe 20 Januari, 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa muda wa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai ya mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekwisha kufungwa. Katika Uganda, kama katika nchi nyingine za sehemu hii ya Afrika, mjadala ulioenea wakati huo ulihusu vidonge vya kupunguza makali ya UKIMWI: je, vitaendelea kupatikana? Swali hilo lilikuwa la haki. Siku chache baadaye ilitolewa ruhusa ya kuendelea na huduma zilizohesabiwa kuwa ni za kuokoa maisha, na dawa hizo zilikuwa miongoni mwake. Lakini lilikuwapo fungu jingine ambalo halikutajwa katika ruhusa hiyo, nalo ni lile la yatima na watoto wanaoishi katika shida. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliyoanzisha mpango huo wa UKIMWI ilitaka sehemu 10 katika kila 100 ya fedha zitumike kwa watoto wa namna hiyo, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 15 za kwanza kuingizwa katika mpango huo, pamoja na Tanzania.

Katika fungu hilo ndimo zilimotoka posho za watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba vijijini, wakimwuliza mtoto kama amekula, kama jana alikwenda shule, na kama mgonjwa wake amemeza dawa. Neno "mgonjwa wake" limetumika kwa makusudi. Kwani wapo watoto, nao si wachache, ambao ndio wanaomwuguza mama, baba, bibi au ndugu mdogo, na ambao nyumba nzima inasimama juu ya mabega yao. Kiswahili kina neno la yatima, kina neno la mjane na la mgane. Mtoto anayemlea mzazi wake hana neno lake. Pengine ndiyo sababu hahesabiwi. Yatima huanza kuandikwa katika daftari siku mzazi anapozikwa. Ile miaka miwili au mitatu aliyoifanya kazi ya uuguzi kabla ya siku hiyo haiandikwi popote.

Kwa wapiganaji waliovuka Mutukula mwezi Januari, 1979, na kuingia Masaka mwezi uliofuata, sehemu ambayo habari hii inaanzia haihitaji ramani. Kusini ya Masaka, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, upo mwalo wa wavuvi uitwao Kasensero, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1982 watu wa mwalo huo walianza kufa kwa maradhi yasiyojulikana, ya kukonda na kuharisha. Baadhi yao waliamini kuwa wamelogwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Upande wa pili wa mpaka, katika Mkoa wa Kagera, maradhi yale yale yalipewa jina la "Juliana", kutokana na nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Kila upande, kama ilivyo desturi ya majirani, ulimnyoshea mwenzake kidole. Waganda wenyewe waliyaita "Silimu". Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa huko huko Kagera. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata leo, kwamba vita ndiyo iliyouleta ugonjwa huo. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba virusi vyake vilikuwapo katika bonde la mto Kongo miongo mingi kabla ya Idi Amin kushika madaraka.

Majeshi hayakuepuka. Rais Yoweri Museveni amekwisha kusimulia mara nyingi jinsi Fidel Castro alivyomwita kando katika mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote mjini Harare, mwezi Septemba, 1986, akamweleza kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa na virusi. Habari ile ilimshtua mtawala aliyekuwa amekaa Ikulu kwa miezi saba hivi tu. Mapema katika miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito za mijini, karibu wanawake watatu katika kila kumi walikuwa na virusi hivyo. Hesabu ya wagonjwa ilijulikana basi, na hesabu ya vifo ilijulikana. Jambo lililochelewa kuulizwa ni hili: wagonjwa wote hao, katika nchi ambayo hospitali zake zilikuwa zimebomolewa na vita na utawala mbaya, walikuwa wakiuguzwa na nani?

Waliuguzwa nyumbani. Na katika nyumba ambamo mume alikuwa amekwisha kufa na mke amelala kitandani, aliyebaki kusimama kwa miguu yake alikuwa mtoto, aghalabu wa kike.

Kazi ya mtoto huyo inafaa itazamwe vizuri, maana wengi hudhani ni kuchota maji na kufagia tu, kazi ambazo kila mtoto wa kijijini huzifanya. Huamka kabla ya jua kutoka, akawasha moto, akachemsha maji ya kumwosha mgonjwa. Humgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda, humbeba au kumkokota hadi chooni, na asiyeweza kufika chooni humfulia mashuka kila siku, na sabuni ni ghali. Hupika uji, akamlisha. Huwavika wadogo zake. Huenda shambani kuchimba viazi au kukata mkungu wa ndizi, na akirudi hukuta mgonjwa amejichafua tena. Usiku ndio mbaya zaidi. Usiku mgonjwa huweweseka, hulia kwa maumivu, huita majina ya watu waliokwisha kufa, na mtoto wa miaka kumi na moja huketi kando yake na kibatari, asijue afanye nini. Tena yapo mambo ambayo mila hazikumruhusu mtoto ayaone, kama utupu wa mzazi wake. Naye huyaona kila siku na hana wa kumwambia.

Wapiganaji na askari wanaosikiliza wanalifahamu jambo moja kuliko raia wengi. Wanajua maana ya lindo. Mlinzi husimama zamu yake kwa saa zilizopangwa, kisha hupokewa na mwenziwe. Kamanda anayemwacha mlinzi mmoja langoni usiku na mchana kwa wiki nzima hawezi kujitetea kwamba mlinzi huyo alikuwa hodari, wala kwamba hakulalamika. Atasinzia tu, ni mwili, si chuma. Na ndiyo maana jeshini ipo likizo, ipo orodha ya zamu, na yupo sajini wa zamu wa kuhakikisha kwamba orodha hiyo inafuatwa. Mtoto anayeuguza yupo lindoni kwa mwaka mzima, pengine kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeandika jina la mpokezi wake.

Husemwa ya kwamba Mwafrika hahitaji mafundisho ya kusaidiana, kwani ukoo upo. Ukoo upo kweli. Lakini UKIMWI uliwaua hasa watu wa makamo, yaani shangazi na wajomba wale wale ambao ukoo uliwategemea kuwalea watoto wa marehemu, na ukawaacha wazee na watoto watazamane. Bibi wa miaka sabini alichukua wajukuu sita. Miaka minane baadaye bibi mwenyewe haoni na magoti hayamchukui, na mjukuu aliyelelewa ndiye sasa mlezi. Hivyo mtoto mmoja huweza kuuguza watu watatu kwa zamu: baba, kisha mama, kisha bibi.

Waganda hawakukaa wakitazama, na haki itendeke kwa kuyataja waliyoyafanya. Mwaka 1986 Mama Janet Museveni na wanawake wenzake waliunda chama cha UWESO cha kusaidia yatima, kwanza wale wa vita ya Luwero. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa UKIMWI mwezi Januari mwaka huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO. Chama hicho kiliwafuata wagonjwa nyumbani, na kikafungua vituo ambako mgonjwa aliweza kushinda, akala, akazungumza na wenzake na kufanya kazi ndogo ndogo za mikono. Faida ya vituo hivyo kwa mgonjwa imeandikwa sana. Faida ya pili, ambayo haikuandikwa sana, ni kwamba siku mgonjwa aliposhinda kituoni, aliyemwuguza nyumbani alipata siku moja ya kwenda shule, au ya kulala usingizi.

Ipo kazi nyingine ya Uganda inayostahili sifa, nayo haikukusudiwa kwa watoto. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha mjini Kampala huduma ya Hospice Africa Uganda, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu makali ya saratani na UKIMWI. Huduma hiyo hutumia mofini ya maji, dawa ya bei ndogo inayotengenezwa nchini humo. Kwa kuwa madaktari ni wachache, mwaka 2004 Serikali ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliofunzwa maalum kuiandika dawa hiyo, hatua ambayo nchi nyingi zilikuwa zikiiogopa. Chupa ndogo ya mofini katika kijiji cha Mbarara au Hoima humpa mgonjwa usiku wa utulivu. Humpa usiku huo huo mtoto anayekesha kando yake. Ni mapumziko ambayo hayakuandikwa katika mpango wowote wa watoto, lakini ni mapumziko ya kweli.

Tangu mwaka 2004, dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure, wazazi wengi waliokuwa wakingojea kaburi waliinuka na kurudi shambani. Hakuna msaada uliowapunguzia watoto mzigo kama huo. Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba kazi ya mtoto mwuguzaji imekwisha. Kiharusi kipo, saratani ipo, kisukari kipo, maradhi ya akili yapo, na ulemavu wa ajali za pikipiki unaongezea. Ndipo inapoonekana thamani ya fedha kidogo za kila mwezi ambazo Serikali ya Uganda ilianza kuwapa wazee mwaka 2011, na ambazo baadaye zilifikia shilingi za Uganda 25,000. Bibi anayezipokea hununua chumvi, sabuni na daftari. Mpango huo ulipopanuliwa nchi nzima umri uliwekwa kuwa miaka 80, na hapo ndipo penye udhaifu wake, kwani bibi wa miaka sabini na mbili mwenye wajukuu watano hawezi kula umri ambao hajaufikisha.

Shule nayo inahitaji kuzungumzwa kwa kirefu kidogo. Mwaka 1997 Uganda iliondoa ada za shule za msingi, kwanza kwa watoto wanne wa kila nyumba, kisha kwa wote, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi kupita milioni 5 katika mwaka mmoja. Kwa mtoto mwingine shule ni kazi na nyumbani ni mapumziko. Kwa mtoto mwuguzaji mambo yamegeuka juu chini: saa zake za darasani ndizo saa pekee ambazo yeye ni mtoto. Pale hukaa chini, huchezea mpira wa majani ya migomba, husikia jina lake likiitwa na mtu asiyetaka kugeuzwa kitandani. Mwalimu anayemchapa kwa kuchelewa angalifanya vyema kumwuliza kwanza alikuwa wapi. Sasa yakumbukwe yaliyotokea mwezi Machi, 2020, wakati wa maradhi ya korona. Shule za Uganda zilifungwa, zikafunguliwa kwa sehemu tu, zikafungwa tena, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari, 2022. Hakuna nchi duniani iliyozifunga kwa muda mrefu zaidi. Mengi yalisemwa juu ya masomo yaliyopotea na wasichana waliopata mimba. Machache yalisemwa juu ya wale ambao kwa karibu miaka miwili walifungiwa ndani pamoja na kazi ambayo shule ilikuwa ikiwapokea kwa saa sita kila siku. Baadhi yao hawakurudi darasani tena.

Katika Uingereza, sheria ya mwaka 2014 iliwataka wakuu wa serikali za mitaa kupima hali na mahitaji ya kila mtoto anayemtunza mgonjwa au mlemavu nyumbani, na zipo kambi ambako watoto hao hupelekwa kwa siku chache kucheza na kupumzika wakati mtu mwingine anashika nafasi yao. Uganda haina fedha za kambi. Lakini haifuati kwamba haina la kufanya, wala kwamba la kufanya lazima litoke Ulaya. Katika Buganda vipo vyama vya vijijini viitwavyo "munno mukabi", maana yake mwenzako katika shida. Wanachama huchanga fedha, na hununua masufuria, viti na maturubai. Msiba ukitokea hufika wote, wakapika, wakachimba kaburi, wakakesha na wafiwa. Wahaya wa upande wa Tanzania wanavyo vyama vinavyofanana na hivyo. Ni vyombo imara, vina viongozi na daftari, na mtu asiyefika hutozwa faini. Kasoro yake ni moja: huamka mgonjwa akiisha kufa. Kijiji kinachoweza kutoa watu arobaini wa kuzika kwa siku mbili hakishindwi kutoa mtu mmoja wa kushinda na mgonjwa kila Jumamosi, ili mtoto apate siku ya kwenda kucheza, kufua sare yake, au kulala tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliobeba jeneza kwa nusu saa huona wamesaidia, na aliyembeba marehemu akiwa hai kwa miaka miwili huambiwa apishe njia.

Baada ya maziko, msaada ndipo unapohitajika zaidi, na ndipo unapokatika. Mtoto aliyekuwa na kazi kutwa kucha hujikuta hana kazi, hana mzazi, na mara nyingi hana pa kukaa. Wajomba hutokea kutoka mjini kuuliza habari za shamba. Kwa sheria za Uganda mtu hawezi kujitwalia mali ya marehemu bila idhini, na ipo ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Lakini ofisi ipo mbali na shamba lipo karibu. Ndiyo maana wanawake wa chama cha NACWOLA, wanaoishi na virusi, walianza katika miaka ya 1990 kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: mama alikuwa nani, ukoo wake ni upi, shamba linaishia wapi, shangazi yupi ni wa kuaminiwa. Mtoto aliyesaidiwa kuandika kitabu hicho mzazi akiwa hai hakupata urithi wa maneno tu. Alijua mambo ambayo mtu mzima mwenye nia mbaya angependa asiyajue.

Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1996 iliweka wajibu kwa kila mtu anayeona haki ya mtoto ikivunjwa kutoa habari katika baraza la mtaa, na makamu mwenyekiti wa kila baraza la kijiji ndiye katibu wa mambo ya watoto. Polisi ya Uganda inao pia maofisa wa kulinda watoto na familia, kama Polisi ya Tanzania ilivyo na Dawati la Jinsia na Watoto. Ugumu ni kwamba sheria na madawati hayo yalielekezwa hasa kwa mtoto aliyepigwa, aliyenajisiwa, au aliyetupwa. Mtoto mwuguzaji hakutendewa jinai na mtu yeyote. Mama yake anampenda. Hakuna wa kukamatwa, na kwa hiyo hakuna jalada la kufunguliwa.

Hata hivyo askari ndiye anayekutana naye. Humkuta sokoni saa za masomo akiuza nyanya. Humkuta barabarani usiku akitafuta gari la kumpeleka mgonjwa. Mpakani Mutukula, ambako ukoo mmoja una mashamba pande zote mbili, anaweza kumkuta mtoto anayevuka peke yake akiwa na mfuko wa dawa na hana karatasi yoyote. Kwa desturi askari humwuliza mtoto wa namna hiyo anatoka wapi na anakwenda wapi, na akishindwa kujibu vizuri huonekana mzururaji. Kuna swali la tatu la kumwuliza, nalo halihitaji bajeti wala amri mpya: nyumbani amebaki nani, na ni mzima au mgonjwa? Jibu lake likipelekwa kwa makamu mwenyekiti wa kijiji upande wa Uganda, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii upande wa Tanzania, mtoto huyo atakuwa ameandikwa katika daftari kabla ya siku ya maziko. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto katika Uganda ni 116, na katika Tanzania ni hiyo hiyo 116.